Sufuria Haikurudi Tupu

Nilipohamishiwa Nanyuki, mama yangu aliniuliza jambo moja tu: watu wa huko wanakula nini? Nilikuwa na haraka ya kufunga sanduku, nikamjibu kwamba wanakula chakula. Hakuridhika. Alinifungia mahindi makavu, maharagwe, viazi na mkungu mzima wa ndizi za kupika, nikaondoka Othaya na mzigo mkubwa kuliko wa bibi harusi. Mama aliamini kwamba ukivuka mji wa Nyeri kuelekea kaskazini, chakula cha maana kinaisha.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Shule zilikuwa zinajaa haraka kuliko madawati yalivyotengenezwa, na walimu wachache tuliokuwa na cheti tulisukumwa huku na huku. Nilipewa darasa la sita na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule, yenye jiko la nje la mabati. Nyumba niliipenda. Darasa lilinichukua muda.

Kwetu Othaya, ukimjua baba wa mtoto mmoja umelijua nusu ya darasa. Hapa kulikuwa na watoto wa Wakikuyu waliopata mashamba karibu na mji, Wameru wa upande wa Timau, watoto wa wanajeshi waliotoka kila pembe ya nchi, Waturkana ambao baba zao walichunga ng'ombe kwenye mashamba makubwa, Wasomali wa biashara ya mifugo, na mvulana mmoja wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Darasani kilitakiwa Kiingereza. Nje Kiswahili kilivumiliwa. Lugha za nyumbani mwalimu mkuu hakutaka kuzisikia hata chooni.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule zilinitoka sana. Ningeandika ubaoni hesabu ya mama aliyenunua vichana vya ndizi, na mtoto wa Kiturkana angeuliza kwa adabu kabisa, kwa nini huyo mama hana mbuzi. Ningetaja ziwa, na mtoto wa mwanajeshi aliyetoka Kisumu angeniambia kwamba ziwa si hivyo. Siku moja niliandika hesabu ya mtu aliyeuza mbuzi wake sokoni. Msichana mmoja wa Kisomali aliyekaa mbele aliifanya hesabu sawasawa, akapata jibu, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, jibu ndiyo hilo. Lakini hiyo bei, huyo mtu ameibiwa."

Darasa lilicheka. Nilimwambia akae, kwamba hiyo ni hesabu tu, hakuna mtu wala mbuzi. Alikaa, lakini uso wake haukukubali. Alikuwa mrefu, mwembamba, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa kukaza, na alikuwa na tabia ya kusema kitu kama kilivyo hata pale ambapo mtoto mwingine angeona ni heri anyamaze. Akivunja chaki angekuja kuniambia ameivunja. Sikujua kama nimpende kwa hilo au nimchape. Katika hesabu hakuwa na mwenzake.

Tatizo lilikuwa mchana. Shule haikuwa na jiko. Watoto wa mjini walikwenda kula kwao, na waliotoka mbali walikula walichobeba au wakakaa bila kitu. Wale wa kukaa bila kitu ndio waliokuwa wakisinzia katika somo langu la baada ya chakula, na mimi sivumilii mtu kusinzia nikifundisha. Ndipo nilipoanza kupika. Mtu asinisifu kwa huruma. Nilichotaka ni watu walio macho. Nilitangaza kwamba kila anayetaka kula alete mahindi kikombe kimoja na maharagwe nusu kikombe kila Jumatatu, na kuni zake. Asubuhi kabla ya kengele ningeteleka sufuria kubwa ya githeri, na mke wa bawabu angeniangalizia moto.

Nilidhani githeri ni chakula ambacho Mungu alikiweka duniani kwa watu wote. Mahindi, maharagwe, chumvi, basi. Wiki ya kwanza tu nilipata habari zangu. Mtoto wa Kikamba alisema mahindi yangepaswa kukobolewa ganda kwanza. Watoto kutoka Magharibi waliuliza ugali uko wapi, wakala githeri kama kitu cha kungojea chakula. Waturkana walikuwa wa kwanza kumaliza na hawakulalamika, lakini waliniuliza maziwa hukamuliwa saa ngapi. Yule mvulana wa Kihindi alikuwa akiletewa chapati na viazi vya manjano kwenye mkebe mzuri, na kila siku alikwenda nyuma ya darasa kuubadilisha mkebe huo na sahani ya githeri ya mtu. Nilijifanya sioni. Nilikuwa nikikaanga kitunguu na kumwaga juu, nikiponda viazi ndani siku ya Ijumaa, na polepole waliacha kulalamika. Najisifu: mkono wangu wa kupika ni mzuri.

Msichana wa mbele hakuwa miongoni mwao. Yeye alikwenda kula kwao, karibu na boma la mifugo nje ya mji, na mara nyingi hakurudi. Aliishi na nyanya yake. Mama mtu alikuwa amefariki, na baba alikuwa safarini na ng'ombe muda mwingi wa mwaka. Akishafika nyumbani mchana alikuta ndoo za maji zinamngoja, na wana-mbuzi, na nyanya ambaye hakuona sababu ya mtoto kwenda shule mara mbili kwa siku moja.

Mwalimu mkuu, kwa upande wake, alikuwa ametoa amri. Mtoto asiyeonekana alasiri ahesabiwe kwamba hakuja kabisa, na asiyekuja asipande darasa la saba, kwa sababu wanajeshi wapya walikuwa wakileta watoto kila mwezi na madawati hayakuwa yakiongezeka. Nilimwambia huyu msichana ndiye bora niliye naye. Akasema, "Basi akae. Akikaa, kiti ni chake. Sina maneno mengine."

Nilimpa msichana ujumbe kwa nyanya yake: mruhusu mtoto ale kwangu mchana, nitamlisha vizuri. Jibu halikuja. Badala yake, Jumamosi moja asubuhi, nyanya mwenyewe alitokea mlangoni kwangu.

Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye fimbo asiyoihitaji. Hatukusalimiana kwa muda mrefu. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe mwalimu? Mimi nataka kuona jiko."

Nilidhani sikusikia vizuri. Katika desturi zetu mtu haingii jikoni kwa mwanamke mwenzake kumkagua, labda awe mama mkwe, na hata yeye huogopwa kwa hilo. Lakini mguu wake mmoja ulikuwa tayari ndani. Alifunua sufuria kubwa, akanusa. Aliangalia mwiko. Aliuliza nyama nilinunua wapi, nikamwambia nyama sipiki siku za shule. Kisha akaona juu ya rafu mkebe wa mafuta ya kukaangia, akaufungua. Ndugu yangu alikuwa akifuga nguruwe wachache kule nyumbani na kila nikienda nilirudi na mafuta yake. Ndiyo niliyokaangia vitunguu.

Hakuuliza. Aliyajua kwa harufu. Aliufunika mkebe taratibu, akaurudisha mahali pake, akatoka nje. Pale kwenye kitalu changu cha sukuma wiki alichota udongo, akajisugua mikono mpaka juu ya kifundo, kisha akaniomba maji, akanawa, akaomba mengine, akanawa tena. Mimi nilishika birika nikimmiminia huku nikichemka ndani. Niliona kana kwamba nimeambiwa mimi ni mchafu, nyumbani kwangu, na mgeni ambaye sikumwalika.

Nilitegemea aondoke. Lakini alijifuta mikono kwenye shuka lake akaniuliza, "Mtoto ana akili kweli?"

"Ana akili kuliko wote," nikasema. Hasira haikunizuia kusema hilo.

"Basi mimi naleta sufuria yangu."

Na kweli, Jumatatu msichana alikuja na sufuria ndogo mpya, na mwiko wake, na chupa ya samli. Masharti yalikuwa machache: sufuria ile isiingie kitu kingine, ioshwe peke yake, itundikwe peke yake, na ndani yake kusipikwe nyama ya aina yoyote isipokuwa iliyotoka kwao. Niliipigia msumari upande wa dirisha. Kuanzia siku hiyo nilipika vyakula viwili: githeri ya wengi, na wali au maharagwe ya mtoto mmoja kwa samli, na harufu ya samli ile ilifanya darasa zima liitazame sufuria ndogo kwa wivu. Msichana alikaa alasiri. Tulianza hesabu za sehemu, nusu na robo, somo linalowatoa watoto wengi jasho, naye akalipita mbio. Wakati wa mapumziko nilimwona akicheza kamba na wasichana wa Kikuyu kando ya ua, mbali na ofisi, wakipiga kelele ambazo sikuzisikiliza. Mwalimu mkuu alipokuja kukagua alimkuta kwenye kiti chake.

Mambo yalikwenda hivyo muhula mzima, na yangeendelea kwenda hivyo, kama mama yangu hangekuja kunitembelea.

Alifika wiki ya kufunga shule, akiwa na mizizi ya nduma na ndizi kwenye kiondo. Alimleta pia kuku, aliye hai, amefungwa miguu, wa kunisherehekea mimi kwa kumaliza muhula. Siku ya kufunga nilikuwa shuleni kwenye mkutano wa walimu uliochelewa kuisha, na mama alikuwa jikoni peke yake. Kuku alikuwa ameshachinjwa, amepikwa na viazi, anatokota. Msichana akaja kuchukua sufuria ya nyanya yake kwa ajili ya likizo, kama tulivyokuwa tumekubaliana.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa na mama wa Kikuyu wa umri ule anajua kilichofuata. Chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea unga kwenye kiondo, kiondo kitarudi na viazi, au maharagwe, au hata majani ya chai ya kufunika chini. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe kwamba hutaki kumwona tena. Mama aliitoa sufuria pale msumarini, akaona inang'aa na haina kitu ndani, akaona aibu kwa niaba yangu. Akachota. Na hakuchota mchuzi na viazi tu. Alitia paja, na lingine, na firigisi, ambayo kwetu hupewa mtu unayemheshimu. Akafunika, akafunga kwa kitambaa, akampa mtoto kwa mikono miwili. "Peleka nyumbani, salimia watu wenu," alimwambia.

Habari za masharti sikuwa nimempa. Sikutaka ajue kwamba kuna mwanamke aliyenusa vyungu vyangu. Angeudhika kuliko mimi. Jioni aliniambia mtoto wa watu alikuja, na kwamba alimpa chakula kidogo. Nilikuwa nimechoka, nikadhani alimpa ndizi.

Shule ilipofunguliwa, dawati la mbele lilikuwa tupu. Nilisema atakuwa mgonjwa. Wiki ya pili ilipoanza mwalimu mkuu alinikuta mlangoni. Kulikuwa na sajenti mpya kambini mwenye watoto wa kutosha kujaza benchi. "Mwisho wa wiki hii nampa mtu kile kiti," alisema. "Ukimpata mtoto kabla ya hapo, sawa."

Nilikwenda kwao siku ileile baada ya masomo. Nyanya alikuwa amekaa mlangoni, na hakunikaribisha ndani. Kando ya ua, kwenye jalala, niliiona sufuria ndogo imetupwa kifudifudi, kuku wakikwaruza karibu yake. Ndipo nilipoambiwa kilichokuwa ndani yake. Sikuamini mara moja. Kisha nikamkumbuka mama na "chakula kidogo" chake.

Nilieleza. Nilisema ni mama yangu, ni desturi, hakujua. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina hasira ya kuku," alisema. "Mimi nauliza kitu moja. Hiyo siku ilikuwa ya ngapi?"

"Ya ngapi?"

"Mtoto amekula hiyo chakula yenu mara ngapi, na anarudi hapa ananyamaza?"

"Hajala hata mara moja. Muulize."

"Nimeuliza. Anasema hivyo hivyo." Alipiga fimbo chini kidogo. "Nitajuaje? Kila siku anakula kwako, mimi sioni. Mtoto anaenda shule ya watu, anafundishwa mambo ya watu, anafundishwa pia kuficha. Hiyo ya kuficha ndiyo naogopa. Nyama nitaosha. Uongo nitaosha na nini?"

Msichana alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Niliona miguu yake. Nilitaka kumwambia yule mzee kwamba mtoto angetaka kuficha angeimwaga ile nyama mtoni, akaisugua sufuria kwa mchanga, na hakuna mtu ambaye angejua mpaka leo. Nilimwambia. Akanijibu kwamba labda sufuria ilikuwa nzito, au mtu alimwona. Kwa mtu aliyeshaingiwa na shaka hakuna ushahidi unaotosha. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, na siwezi kusema nilikuwa namkasirikia nani hasa.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa nikaenda Othaya. Nilipomweleza mama, alikuwa akimenya maharagwe mabichi. Alivua aproni.

"Mimi ndiye niliyeharibu," alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

Nilimwambia haitasaidia. Alikuwa ameshaanza kujaza kiondo. Alisita, akaniuliza, "Nduma mbichi, hizo zina shida na dini yao?" Nikamwambia nduma mbichi hazina shida na mtu yeyote. Akatia nduma.

Tulifika kwa nyanya alasiri ya siku ileile. Safari hii alitukaribisha ndani, kwa sababu mama alikuwa mzee mwenzake na mgeni wa mbali. Tulikaa kwenye mikeka. Kulikuwa na harufu ya udi, na chumba kilikuwa safi kuliko changu. Nyanya alimwita msichana akamkalisha kati yetu.

"Leo mtoto atasema," alisema. "Kiswahili yangu mimi ni ya kuuza mbuzi. Haya mambo ni makubwa."

Basi ikawa hivi: mama anasema kwa Kikuyu, mimi naeleza kwa Kiswahili, msichana anampa nyanya kwa Kisomali, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Mama alisema kuku alimchinja kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa kuku mzuri. Alisema mtoto hakujua kilichomo. Alisema kwake kumrudishia mtu chombo kitupu ni tusi, na alitaka kumheshimu nyanya ambaye hajawahi kumwona. Nilitafsiri, nikipamba hapa na pale, nikiweka "tafadhali" ambazo mama hakuwa amezisema. Nyanya alitikisa kichwa taratibu. Alisema amesikia. Hakusema mtoto atarudi. Nje jua lilikuwa likienda, na mimi nilikuwa nikifikiria lile benchi na watoto wa sajenti.

Kisha jirani aliyekuwa jikoni akaleta chai, mama akanywa. Ikafuata sahani ya nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo vyeusi, imekaangwa ikakauka ikahifadhiwa kwenye samli. Nyirinyiri, nilikuwa nimeisikia lakini sijaila. Nyanya aliisogeza mbele ya mama, karibu kabisa na goti lake. Ilikuwa chakula cha wageni wa maana.

Mama aliniuliza chini kwa chini ni nyama gani. Nilimuuliza msichana.

"Ngamia," akasema.

Nikamwambia mama. Aliitazama ile sahani. Mama yangu hakuwahi kula samaki, wala yai lililokaangwa laini, wala kitu chochote ambacho mama yake hakula. Alisema kwa Kikuyu, kwa sauti ya kawaida, "Siwezi. Mwambie ninamheshimu, lakini hiyo nikiitia mdomoni itarudi hapa hapa mbele yake. Na sitajifanya nimeshiba, maana sijala tangu asubuhi."

Nilikuwa nimetoka Nanyuki mpaka Othaya na kurudi kwa siku moja kuja kuomba msamaha kwa chakula, na sasa tunakikataa chakula. Niligeukia nyanya, nikatabasamu, nikasema kwa Kiswahili, "Mama anashukuru sana. Ni kwamba ameshiba, tulikula vizuri njiani."

Hadi leo nikiulizwa nitasema hayo ndiyo maneno ambayo mtu yeyote mwenye adabu angeyasema.

Msichana hakutafsiri. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akainamisha macho kwenye mkeka. Mikono yake ilikuwa imeshikana. Nilidhani hajanielewa, nikataka kurudia. Kisha akamgeukia nyanya yake akasema kwa Kisomali, na hayakuwa maneno mafupi. Katikati yake alijigusa koo.

Nyanya aliweka mkono kinywani. Mabega yalianza kumtikisika. Nilimuuliza msichana amesema nini.

"Nimemwambia vile mama amesema, Mwalimu. Ati hawezi kula ngamia, itarudi hapa hapa. Na ati hajashiba, hajakula tangu asubuhi."

"Wewe unajua Kikuyu?"

"Nasikia," alisema, akishangaa swali lenyewe. "Si tunakaa nao kila siku?"

Nyanya alikuwa akicheka waziwazi sasa, akijifuta macho na ncha ya shuka. Aliivuta sahani mbali na goti la mama, akamwambia kitu yule jirani wa jikoni, na mara zikaletwa chapati na asali. Mama aliona sahani ikiondoka akaelewa bila mkalimani. Yeye pia akaanza kucheka. Walikuwa wazee wawili wanaocheka kwa sababu ya koo zao, na mimi katikati uso ukiwa umewaka moto.

Mama alipokuwa akila, na alikula sana, nyanya alinigeukia. Kicheko kilikuwa kimemtoka. Hakumtumia msichana safari hii.

"Mwalimu, Kiswahili mimi nasikia. Wewe umesema ameshiba."

Nikasema ndiyo.

"Mtoto amesikia wewe unasema ameshiba. Wewe ni mwalimu wake. Na anataka kurudi kwako, analala analia. Angesema vile wewe umesema, mimi singejua." Alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa bado ameinamisha kichwa akingoja hukumu. "Lakini ameniambia ukweli, hapa mbele yako. Basi hata ile ya kuku aliniambia ukweli."

Alinyoosha mkono akakiweka sawa kile kitambaa cha kichwani cha mtoto, ingawa kilikuwa kimekaa sawa.

"Jumatatu atakuja," alisema. "Na alasiri utakaa naye."